Kabla Useme "Wamemchoma": Historia ya Mionzi na Kansa ya Mdomo

Hapa Kenya ni nadra kusikia mtu akisema fulani anapata tiba ya mionzi. Tunasema anachomwa. "Alipelekwa Nairobi akachomwa." "Amebakisha kuchomwa mara kumi." Hata wahudumu wa hospitali hulitumia neno hilo wakiwa na haraka, na hakuna anayeshtuka. Sasa hebu jiweke mahali pa mtu aliyeambiwa asubuhi kuwa kidonda kilicho pembeni ya ulimi wake ni kansa, halafu jioni anasikia kwa jirani kwamba dawa yake ni kuchomwa mdomoni. Wewe ungeenda?

Mjomba wangu alikataa. Upasuaji alikubali, lakini alipoambiwa kuna mionzi baadaye, akafunga mlango. Nitamrudia mbele kidogo, kwa sababu kisa chake kinaeleweka vizuri ukijua kwanza hilo neno limetoka wapi.

Msimamo wangu nausema mapema. "Kuchomwa" lilikuwa neno la kweli wakati fulani. Sai lina ukweli nusu tu. Na hiyo nusu tusipoielewa, tutaendelea kuzika watu walioogopa mashine ambayo haipo tena.

Mwanzo ulikuwa moto kweli

Tarehe 8 Novemba 1895, kwenye chuo kikuu cha Würzburg huko Ujerumani, profesa wa fizikia Wilhelm Röntgen aligundua mionzi asiyoijua. Akaiita X, ile X ya hesabu, kitu ambacho thamani yake bado hujaipata. Akapiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana na pete ikining'inia kwenye kidole. Dunia ikapagawa.

Mwaka uliofuata tu, daktari mmoja wa Vienna, Leopold Freund, akaielekeza mashine kwenye baka kubwa lenye nywele mgongoni mwa mtoto wa kike. Nywele zilinyonyoka. Ngozi nayo ikaharibika, ikawa kidonda kilichogoma kupona. Mtoto mmoja, na tayari unaona pande zote mbili za hii historia: mionzi ina kazi, na mionzi inaumiza.

Marekani kulikuwa na fundi anaitwa Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison. Kazi yake ilikuwa kujaribu mirija ya X, na kifaa cha kujaribia kilikuwa mikono yake mwenyewe. Siku baada ya siku. Vidonda vikageuka kansa, mikono yote miwili ikakatwa, na mwaka 1904 akafa akiwa na miaka 39. Edison aliacha kabisa kazi za mionzi baada ya hapo.

Mbona ilikuwa inaunguza hivyo? Utadhani mashine zilikuwa na nguvu nyingi kupita kiasi. Kumbe ni kinyume. Mionzi ya siku hizo ilikuwa hafifu, na mionzi hafifu humwaga nguvu zake nyingi pale juu, kwenye ngozi. Kama uvimbe uko ndani ya taya, ilibidi shavu liungue kwanza ndipo kitu kidogo kifike ndani. Ni kama kuoka mkate kwa moto wa juu peke yake: nje mkaa, ndani bado unga.

Radiamu na watu wa Katanga

Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie, huko Paris, walitangaza kupata elementi mpya waliyoiita radiamu. Hii ilileta wazo tofauti. Badala ya kupiga mionzi kutoka nje, si uiweke radiamu kwenye sindano ndogo na uichome moja kwa moja ndani ya uvimbe? Mdomo ukawa kati ya sehemu za mwanzo kutibiwa hivyo, kwa sababu rahisi: unafikika. Huhitaji kupasua tumbo ili uufikie ulimi. Madaktari walipanga sindano za radiamu ndani ya ulimi wa mgonjwa, wakaziacha humo kwa muda uliopimwa, kisha wakazitoa.

Shida ilikuwa bei. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 kumnunulia Marie Curie radiamu. Unajua zilimnunulia kiasi gani? Gramu moja. Rais Harding mwenyewe ndiye aliyemkabidhi.

Kipindi hicho hicho hadithi ikaja upande wetu. Mahali panapoitwa Shinkolobwe, Katanga, Kongo ya Wabelgiji, mwaka 1915 palipatikana mawe yenye urani nyingi kuliko karibu popote palipojulikana. Kampuni ya Union Minière ikaanza kuyachimba na kuyasafirisha hadi Olen, Ubelgiji, ambako kiwanda kilianza kutoa radiamu mwaka 1922. Bei ikashuka, wazalishaji wa Marekani wakafunga, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ikawa ni ya Kongo.

Sasa fikiria. Kiswahili cha Katanga kilikomaa kwenye kambi hizo hizo za migodi za Union Minière. Sindano iliyokuwa kwenye ulimi wa mgonjwa wa Ulaya miaka ya thelathini ilikuwa na jiwe lililobebwa na mtu ambaye wewe na mimi tungeweza kusalimiana naye na tukaelewana. Tunajua Shinkolobwe kwa sababu urani yake iliingia kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945. Hii sura nyingine, ya dawa, sikuwahi kuisikia darasani hata siku moja.

Kitu kimoja, midomo miwili

Hapa ndipo hii historia inaniumiza kichwa. Wakati madaktari wanaweka radiamu mdomoni ili kuokoa, kuna wasichana waliokuwa wanaiweka mdomoni ili kulipwa mshahara.

Kiwanda cha Orange, New Jersey, kilipaka namba za saa kwa rangi yenye radiamu ili ziwake gizani. Wapakaji walikuwa mabinti wadogo, wengi umri wako. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao: lambisha, chovya, paka. Mara nyingi kwa siku. Waliambiwa haina madhara. Kisha meno yakaanza kung'oka, taya zikaoza na kuvunjika. Mwaka 1925 daktari Harrison Martland alionyesha kuwa radiamu ilikuwa imekaa kwenye mifupa yao. Wanawake watano walienda kortini mwaka 1927, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kuwalipa fidia na gharama za matibabu.

Tofauti ya wale mabinti na wale wagonjwa ni nini? Radiamu ni ile ile. Tofauti ni kipimo, mahali na muda. Hayo maneno matatu yashike, maana kila hatua iliyofuata kwenye hii historia imekuwa kuhusu moja kati ya hayo.

Mgonjwa maarufu wa enzi hizo alikuwa Sigmund Freud, yule wa elimu ya nafsi. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara nene. Mwaka 1923 alipatikana na kansa kwenye kaakaa na taya. Kwa miaka 16 alipasuliwa zaidi ya mara 30, akavaa kaakaa bandia lililomuumiza kila alipoongea, akapigwa mionzi ya X na kuwekewa radiamu. Mwishoni jeraha lilinuka kiasi kwamba mbwa wake mpenzi hakutaka kumkaribia. Akafa London tarehe 23 Septemba 1939. Huyo alikuwa mtu mwenye jina na madaktari bora wa Ulaya. Kama wakubwa walikuwa wanapitia hayo, unaelewa kwa nini neno "kuchomwa" lilishika mizizi.

Kondoo wa Paris

Jibu la swali la muda lilitoka kwa kondoo dume. Sitanii.

Claudius Regaud, aliyefanya kazi kwenye Taasisi ya Radiamu ya Paris, alitumia mionzi kujaribu kuwafanya kondoo dume wasizae. Akipiga dozi kubwa mara moja, ngozi ya korodani iliungua vibaya kabla kazi haijakamilika. Akigawa dozi hiyo kwa siku kadhaa, kondoo hakuweza kuzaa tena na ngozi ikabaki salama. Regaud akafikiria hivi: zile seli za mbegu zinagawanyika haraka kama kansa. Ngozi inagawanyika polepole zaidi na inajirekebisha. Kwa hivyo ukipiga kidogo kidogo kwa siku nyingi, seli nzima zinapata nafasi ya kujishona usiku, na seli za kansa zinabaki nyuma zikizidi kuharibika.

Mwenzake Henri Coutard akalipeleka wazo hilo kwa binadamu. Miaka ya 1920 alionyesha kuwa kansa za koo zinaweza kupona kwa mionzi iliyogawanywa kwa wiki kadhaa, bila kumla mgonjwa nyama yote ya shingo.

Kwa hivyo ukisikia mtu "amechomwa mara thelathini," ujue ni dozi moja iliyokatwa vipande thelathini ili mwili upumue katikati. Hiyo idadi inayotutisha ndiyo inayomlinda mgonjwa. Na ndiyo sababu madaktari wanakuwa wakali ukikosa siku. Ukiruka ruka, kansa nayo inapata usiku wa kujishona.

Kobalti, na kile Bibi alichokiona

Mwaka 1951, Kanada, wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa mashine za kobalti-60, katika miji ya London, Ontario na Saskatoon. Mionzi ya kobalti ilikuwa na nguvu kuliko ile ya zamani, kwa hivyo ilizama ndani kidogo kabla ya kufikia kilele chake. Ngozi ikapata nafuu kubwa. Mashine ilikuwa imara, haikuhitaji mafundi wengi, na ikasambaa dunia nzima, hadi kwetu. Lakini ilichelewa kufika. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, alipoandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya wa watoto wa Afrika, hakuwa na mashine ya mionzi ya kutegemea. Yeye na wenzake wakajaribu dawa, na uvimbe huo ukawa kati ya kansa za mwanzo kuonyesha kuwa dawa pekee zinaweza kuushinda. Wakati mwingine kukosa mashine kulizaa elimu mpya. Mara nyingi kulizaa makaburi tu.

Hapa Kenya, kwa miongo kadhaa, hospitali ya umma yenye mionzi ilikuwa moja tu: Kenyatta. Ukiwa Lamu, Lodwar au Busia, mionzi ilikuwa safari.

Bibi yangu, mamake Mjomba, anaishi Mombasa. Miaka ya themanini jirani yake alikuwa na kansa ya shavu, akapelekwa Nairobi. Aliporudi, anasema Bibi, shavu lilikuwa jeusi, mdomo haufunguki zaidi ya kijiko, na mate yalikuwa yameisha kabisa. "Alikuwa akila ugali kwa maji kama mtu anayemeza dawa," ndivyo Bibi anavyosimulia. Hiyo ndiyo picha aliyokuwa nayo kichwani Mjomba alipotajiwa mionzi, maana aliikuta nyumbani akiwa mtoto.

Na Bibi hakudanganya. Mashine za wakati ule, kwa kansa ya mdomo, kwa kawaida zilimulika kutoka pande zote mbili za uso, kama tochi mbili zilizowekwa kwenye mashavu. Tezi kubwa za mate ziko pale pale, mbele ya masikio. Mionzi ilipita humo ikienda kwenye uvimbe, na tezi zikafa. Bila mate, meno huoza haraka, chakula hakiteremki, ulimi hukauka usiku hadi mtu anaamka. Daktari alijua. Hakuwa na njia ya kuzikwepa, kwa sababu mionzi ilitoka kwa umbo la mstatili na uso wa mtu hauna mstatili.

Kuona kabla ya kulenga

Kipimo na muda vilishapatiwa majibu mazuri. Kilichobaki ni mahali. Na hapo pia Afrika ina mkono wake.

Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa anasaidia hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, kwenye idara ya mionzi. Akaona kitu cha ajabu: wapangaji wa tiba walikuwa wanahesabu kana kwamba mwili wote ni nyama ya aina moja, wakati mfupa, hewa na misuli hupitisha mionzi tofauti. Akaanza kutafuta hesabu za kuonyesha ndani ya mwili ukiwa nje. Aliyachapisha miaka ya 1963 na 1964, na karibu hakuna mtu aliyejali. Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield akaunda mashine yenyewe, na mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha kwenye hospitali moja ya London. Hiyo ndiyo skani ya CT. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Skani tunayoijua leo, kwa upande mmoja, ilianza kama swali la mtu wa mionzi Cape Town.

Upande mwingine mashine nazo zilibadilika. Kuanzia 1953, hospitali ya Hammersmith mjini London ilitibu wagonjwa kwa mashine inayoharakisha elektroni na kuzigongesha kwenye chuma ili kutoa mionzi mikali. Wenyewe kwa kifupi huiita linaki. Haina jiwe lenye mionzi ndani. Ukizima umeme, mionzi hakuna. Katikati ya miaka ya 1990, kompyuta zilipokuwa na akili ya kutosha, ndipo tiba ya kulenga ikaanza kuwafikia wagonjwa.

Inafanyaje kazi? Mdomoni mwa linaki kuna vipande vingi vyembamba vya chuma kizito, vinavyoteleza kama vidole. Kila kimoja kinasogea peke yake. Mashine inamzunguka mgonjwa, na vidole vinafungua hapa, vinaziba pale, kila pembe na umbo lake. Daktari anachora uvimbe kwenye skani, anachora pia vitu vya kukwepa: tezi za mate, uti wa mgongo, taya. Kisha kompyuta inafanya hesabu kinyumenyume: nataka dozi hii hapa, na isizidi hii pale, nipe njia. Kwa tezi kubwa ya mate, lengo la kawaida ni wastani wa dozi usiozidi grei 25 au 26, wakati mahali pa kansa panapata 60 hadi 70.

Je, inasaidia kweli au ni maneno ya wauza mashine? Jaribio moja la Uingereza liliwagawa wagonjwa 94 wa kansa ya koo, jirani wa karibu wa mdomo, katika makundi mawili: mionzi ya zamani na mionzi ya kulenga. Matokeo yalichapishwa 2011. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 74 ya waliopata mionzi ya zamani walikuwa na ukavu mkubwa wa mdomo. Kwa waliolengwa, ilikuwa asilimia 38. Hiyo 38 bado ni watu wengi. Lakini huwezi kusema ni kitu kile kile.

Mjomba na saa iliyokuwa inakimbia

Sasa Mjomba. Tambuu amekula tangu ujana, na tumbaku ndani yake. Kidonda kilipotokea alipewa jeli ya kupaka na kliniki moja ambayo sitaitaja, akapaka miezi minne. Kilipopimwa vizuri, ikawa kansa ya ulimi. Akapasuliwa, kipande cha ulimi kikatolewa pamoja na tezi za shingo. Kwa kansa ya mdomo upasuaji mara nyingi ndio hutangulia, na mionzi hufuata kusafisha mabaki yasiyoonekana. Inatakiwa ianze ndani ya wiki sita hivi baada ya kisu. Wiki tatu kati ya hizo Mjomba alizimaliza akisema, "Sichomwi."

Nilimsindikiza kliniki mara moja, kwa sharti la kusikiliza tu. Dada wa mionzi, kijana kama mimi, alisikiliza hadithi ya jirani wa Bibi hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, "Mama yako hakukosea, Mzee. Hiyo mashine aliyoisema nimeisomea chuoni." Akageuza kompyuta, akatuonyesha mpango wa mgonjwa mwingine, jina limefichwa. Nyekundu ilikuwa imekumbatia sehemu ya ulimi. Tezi za mate zilikuwa kwenye buluu.

Mjomba aliangalia muda mrefu. "Kwa hivyo hapa mnakwepa?"

"Tunakwepa, Mzee. Hatuwezi kukwepa yote."

"Sawa. Hiyo ya mwisho ndiyo imenifanya nikuamini."

Kilichofuata nakueleza bila kukipaka sukari. Kwanza meno: mawili mabovu yaling'olewa mapema, karibu wiki mbili kabla, kwa sababu kung'oa jino kwenye taya lililopigwa mionzi kunaweza kuacha mfupa usiopona. Kisha barakoa: shiti ya plastiki inalainishwa kwenye maji ya moto, inavutwa juu ya uso, inakauka ikiwa na sura yako. Inafungwa kwenye kitanda ili usisogee hata milimita chache. Mjomba alisema ilikuwa kama kuvaa uso wake mwenyewe uliobana. Kisha vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita.

Kwenye mashine yenyewe hakusikia chochote. Hakuna joto, hakuna maumivu, mlio tu. Dakika kadhaa, umetoka. Wiki mbili za kwanza akawa anatucheka. Wiki ya tatu vidonda vikatokea mdomoni, ladha ikapotea, na shingo ikawa nyekundu kama mtu aliyeshinda baharini juani. Wiki ya tano alikuwa anaishi kwa uji, maziwa na dawa za maumivu, na kilo zikashuka. Hapo ndipo ile nusu ya ukweli ya neno "kuchomwa" ilipo. Kuna siku alisema haendi. Bibi, Bibi yule yule, ndiye aliyemwambia, "Umebakisha sita, mwanangu. Vaa viatu."

Vidonda vilipona baada ya mwezi na kitu. Mwaka umepita. Anatembea na chupa ya maji, anafanya mazoezi ya kufungua taya kila asubuhi, anapaka floraidi kwenye meno, na hiyo ya floraidi ni ya maisha. Mate yamerudi kiasi. Pilau anakula, ila anaomba mchuzi. Kila kliniki tunashika roho.

Hofu na foleni

Kuna wasee watasoma hadi hapa waseme: sawa, watu waache ujinga, waende hospitali. Hapana, si rahisi hivyo. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, ambayo Uganda nzima ilikuwa inaitegemea kwa mionzi ya umma, iliharibika, na wagonjwa wakabaki wanatafuta njia ya kuja Nairobi. Chanzo cha kobalti pia hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya miaka mitano na kidogo, kwa hivyo mgonjwa yule yule anahitaji dakika mara mbili, na foleni inakuwa ndefu bila mtu mmoja kuongezeka. Linaki nayo inataka umeme wa kuaminika, mhandisi, na mwanafizikia wa kukagua kila mpango. Ukinunua mashine ukasahau watu, umenunua jengo lenye kifaa ndani.

Hapa kwetu hali imesonga. Mionzi ya umma sai haiko Nairobi peke yake. Mombasa, Nakuru na Garissa zimepata vituo. Lakini kipindi kimoja kwa siku kwa wiki sita maana yake ni nauli mara thelathini, au kulala kwa ndugu mjini mwezi na nusu. Kumtoa mtu hofu bila kumwondolea foleni na nauli ni kumtoa nyumbani kisha ukamwacha steji.

Kwa hivyo tudai vyote viwili. Serikali idaiwe mashine zinazofanya kazi na watu wa kuziendesha. Na sisi tujidai lugha safi. Mtu wako akiambiwa mionzi, muulizieni daktari maswali haya: mashine ni ya aina gani? Tezi za mate zitakwepwa? Nani anaangalia meno kabla? Ni vipindi vingapi, na mashine ikiharibika katikati mpango ni upi? Hayo maswali matano yana uzito kuliko stori zote za jirani.

Na wewe mwenye meno yote 32, usidhani hii ni ya wazee. Sigara, pombe, tumbaku ya kutafuna, ile kuber ya pakiti inayouzwa kimyakimya karibu na shule, vyote viko kwenye orodha. Popoo ya tambuu, hata bila tumbaku, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliiweka kwenye orodha ya visababishi vya kansa mwaka 2004. Ukiona kidonda mdomoni kimepita wiki mbili bila kupona, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, au uvimbe shingoni usioelewa, nenda ukaangaliwe na daktari wa meno au wa kawaida. Ukipewa jeli na kidonda kikabaki, rudi useme: nataka kikatwe kipande kipimwe. Kansa ya mdomo ikikamatwa ikiwa ndogo, wengi hutibiwa kwa kisu peke yake, na hiyo mionzi niliyoieleza hapa wala hawaihitaji.